Fault: kosa, lawama, hatia, kasoro au hitilafu?

Sentensi iliyonifanya niandike haya ina maneno manne tu: "It's not your fault." Ilikuwa kwenye kijikaratasi cha kuwapa wazazi ambao mtoto wao amezaliwa na tatizo la moyo, nami niliombwa niipitie tafsiri yake kabla haijaenda kuchapwa. Aliyetafsiri alikuwa ameandika: "Huna hatia." Nikaisoma mara mbili. Sarufi ni safi, kamusi inaikubali, lakini mama atakayeisoma akiwa bado wodini na mwanawe atajiuliza: kwani nilishtakiwa?

Nilipotaka kuisahihisha ndipo nikaona sina jibu la haraka. Si kosa lako? Lawama si zako? Usijilaumu? Kila moja inasema jambo lake. Kiingereza kimetia mambo mengi kwenye neno hilo moja, nasi tumeyagawa: kuna neno la tendo, neno la maneno ya watu, neno la hukumu, neno la upungufu, na neno la mashine iliyogoma. Anayetafsiri "fault" hawezi kukwepa kuchagua, na akichagua vibaya msomaji husikia kitu ambacho mwandishi hakukisema.

Kwanza kosa, kwa sababu ndilo ndugu wa damu

"Fault" iliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, "faute", ambayo nayo asili yake ni kitenzi cha Kilatini "fallere", kudanganya au kumwangusha mtu aliyekutegemea. Waingereza wa zamani waliiandika bila herufi l. Wasomi ndio waliorudisha hiyo l ili Kilatini kionekane, na kwa muda mrefu watu wakawa wanaiandika bila kuitamka. Hata Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, alieleza kwamba l hiyo mara husikika, mara haisikiki.

Linalonivutia si l bali maana ya kale ya neno lenyewe: upungufu, kukosekana kwa kitu. Wafaransa wangali wanasema "faute de" wakimaanisha "kwa kukosa". Sasa litazame neno letu. Kukosa ni kutopata: nimekosa basi, nimekosa usingizi, mtihani nimekosa alama mbili. Kukosa hukohuko ni kutenda isivyopasa, na humo ndimo limetoka kosa. Lugha mbili zisizo na undugu zimepita njia ileile, kutoka kupungukiwa hadi kuwa na hatia. Kwa hiyo mtu mwenye haraka akiona "fault" na kuandika "kosa" atapatia mara nyingi. Shida ni zile nyingine.

Kosa na lawama

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi wanapochanganya.

Kosa lina mtenda, lawama ina msemaji. Kosa hufanywa, na likishafanywa lipo hata kama hakuna aliyeliona. Lawama haipo mpaka mtu afungue mdomo, au angalau anyooshe kidole moyoni. Ndiyo maana lawama hutupwa, huelekezwa, hubebeshwa, hukwepwa, na kosa halifanyiwi hayo. Kipa akiteleza na mpira ukaingia wavuni, kosa ni lake. Lawama zinaweza kwenda kwa beki, kwa kocha, kwa mwamuzi, hata kwa nyasi.

Kiingereza nacho kina mgawanyo huu, ingawa wenyewe huuvuka mara kwa mara. "Fault" hupenda kumilikiwa: yangu, yako, ya nani. "Blame" hupenda kusafiri: hupewa mtu, huchukuliwa, husukumwa kwa mwingine. Tena "blame" tangu kuzaliwa kwake ni jambo la mdomo, kwa maana ilitokana na neno la Kigiriki la kusema maovu, lilelile lililozaa neno lao la kukufuru. Yaani kumlaumu mtu na kumkufuru Mungu kwa Kiingereza ni mtu na binamu yake. Basi kanuni ya kuanzia ni hii: "fault" ijaribu kwa kosa, "blame" ijaribu kwa lawama, kisha sikiliza.

Kusikiliza ni muhimu kwa sababu ya maswali kama "Whose fault is it?" Swali hilo likiulizwa kikaoni baada ya kazi kuharibika, lina tafsiri tatu na joto la kila moja ni tofauti. "Nani amesababisha?" ni swali la mtu anayetaka kujua ilivyotokea. "Kosa ni la nani?" limeshaamua kwamba kuna aliyekosea, linatafuta jina. "Nani alaumiwe?" halijali sana ukweli, linatafuta bega la kubebesha mzigo. Mtafsiri asiyejua kikao kilikuwa na hali gani ataandika lile la katikati na kuomba Mungu.

Halafu kuna pengo upande wa pili, ambapo Kiswahili kina neno na Kiingereza hakina. "He blamed his brother." Alimlaumu kaka yake, au alimsingizia? Kiingereza kinanyamaza kuhusu kama lawama ile ni ya haki. Kiswahili hakinyamazi. Kusingizia ni kumtwika mtu jambo ambalo si lake, na anayelitumia neno hilo ameshatoa hukumu dhidi ya msemaji. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali haikusema "hulaumu", kwa sababu wahenga walishaamua kwamba jua halikuhusika. Kama matini haikuambii ukweli uko wapi, kaa na kulaumu. Kama inadokeza kwamba kaka alionewa lakini haisemi wazi, "alimtupia lawama" inaegemea kidogo bila kuapa. Na kama mambo ni ya wazi kabisa, kwamba kundi zima limekubaliana mmoja aumie kwa niaba ya wote, lugha ya mtaani ina picha nzuri kuliko zote: wamemwangushia jumba bovu.

Kosa na hatia

Hatia ni neno lenye mahakama ndani yake, au madhabahu. Kosa la jinai ni tendo. Hatia ni hali anayobaki nayo mtu baada ya kupimwa kwa tendo hilo. Mshtakiwa hukutwa na hatia, hutiwa hatiani, au huachiwa kwa kuwa hana hatia. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Pilato anawaambia Wayahudi kwamba haoni "fault" yoyote kwa Yesu. Biblia ya Kiswahili ikaandika kwamba haoni hatia, na ilipatia, maana pale palikuwa na hakimu, mshtakiwa na washtaki.

Kwa hiyo hatia si tafsiri mbaya ya "fault". Ni tafsiri nzuri inayohitaji kiti cha hakimu. Kijikaratasi cha wazazi hakikuwa nacho.

Ajali za barabarani ndizo zinazoonyesha ubaya wa kuchanganya haya mawili. "The driver at fault" ni dereva mwenye kosa, au kwa usalama zaidi, dereva aliyesababisha ajali. Mwandishi anayemwita "mwenye hatia" siku ileile ya ajali amemhukumu kabla ya korti kufungua jalada.

Na kuna "no-fault", ambayo nimewahi kuiona imeandikwa "talaka isiyo na hatia", kana kwamba talaka yenyewe ilishukiwa wizi. Maana yake ni talaka ambayo wanandoa hawalazimiki kuthibitisha nani kamkosea mwenzake ili ndoa ivunjwe. California iliianza 1970. Uingereza na Wales walisubiri hadi Aprili 6, 2022. Mimi huandika "talaka isiyotafuta mkosaji". Msemo huohuo unafaa kwa fidia: New Zealand tangu 1974 ina mpango wa kumlipa aliyeumia ajalini bila kuuliza nani alizembea, nao ni fidia isiyotafuta mkosaji.

Kuhusu ile hali ya moyoni, mtu anapojisikia vibaya kwa alichofanya, wengi sasa huandika "hisia za hatia". Siipingi, ila "dhamiri inamsuta" ilikuwepo zamani na inauma zaidi.

Kasoro, dosari, ila

"He has his faults." Hapa ukiandika "ana makosa yake" umesema kuna mambo aliyoyatenda, pengine kuna deni la kulipa. Mwandishi hakumaanisha hivyo. Alimaanisha mtu huyo hakukamilika: ana hasira za haraka, huchelewa, hupenda kusifiwa. Hizo ni kasoro.

Kasoro nayo ni neno la upungufu, na ushahidi tunautamka kila siku tukitaja saa. Saa mbili kasorobo ni saa mbili iliyopungukiwa robo. Kasoro ya mtu ni robo yake iliyopungua. Dosari iko karibu lakini si ileile. Dosari huja juu ya kitu kizuri na kukiharibia sura, kama doa kwenye kanzu. Ripoti nzuri yenye takwimu moja iliyokosewa ina dosari. Ripoti isiyo na hitimisho ina kasoro. Sidai kwamba kila msemaji huzitenganisha hivi, lakini ukizitenganisha sentensi zako hutulia.

Ila ni ya kale kidogo, ya washairi na wahenga. Kizuri hakikosi ila. Wengine husikia humo ile "ila" ya kuunganisha sentensi, ya "mzuri, ila ana maringo", na hawako mbali kimaana, ingawa Kiarabu kilitupa maneno mawili tofauti, moja la ugonjwa na upungufu, jingine la "isipokuwa". Ulimi wetu ndio uliozifanya zifanane, na kwa kweli zimefaana.

Kwa "find fault" tuna vitu vitatu. Kumtafutia mtu ila ni kazi ya mwenye nia mbaya: anaanza na uamuzi, kisha anasaka sababu. Kutoa kasoro ni tabia ya asiyeridhika, na anaweza kuwa mkweli. Kukosoa kunaweza kuwa wema kabisa, kwa sababu anayekosoa hutaka kosa litoke, na mtu humwomba mwenzake amkosoe. Hakuna anayeomba atafutiwe ila. Kiingereza kikisema mtu fulani "finds fault" na kila kitu, karibu kila mara ni moja ya yale mawili ya mwanzo. Mtafsiri anayeandika "hukosoa kila kitu" amemsafishia jina mtu ambaye mwandishi alikuwa anamsema.

Hitilafu, na vitu visivyo na nia

Mashine haikosi. Kwa hiyo "mashine ina kosa" huchekesha, kama vile iliamua. Kwa umeme, injini, mtambo, simu, neno ni hitilafu, ambalo kwa Kiarabu lilikuwa tofauti, kutopatana: kitu kimekwenda tofauti na kilivyotakiwa. Nyaya zikigusana watu husema shoti, na hakuna haja ya kuwasahihisha.

Swali linalonijia mara nyingi ni hitilafu au kasoro kwa bidhaa. Vitenzi vinajibu. Gari hupata hitilafu njiani, hitilafu hutokea. Kasoro haitokei, kitu huwa nayo. Kama breki zilitoka kiwandani zikiwa na ufa, hiyo ni kasoro. Kama zilikuwa nzima na leo zimegoma, hiyo ni hitilafu. Mkataba wa dhamana unaochanganya haya mawili utaleta ugomvi, kwa sababu mwuzaji kwa kawaida huwajibika kwa lile la kwanza kuliko la pili.

Watu wa kompyuta wana mnyororo wao: "fault" ni chanzo kilichojificha, "error" ni hali mbaya inayotokana nacho ndani ya mfumo, "failure" ni pale mtumiaji anapokosa huduma. Ningetafsiri hitilafu, kosa, kushindwa, kwa mpangilio huo. Kikwazo ni kwamba kwenye skrini za simu zetu "hitilafu imetokea" imeshazoeleka kwa "error". Kwenye kitabu cha ufundi shikilia mnyororo na ueleze mwanzoni. Kwenye skrini waache watu na mazoea yao.

Miamba na raketi

Wanajiolojia huita "fault" mahali ambapo miamba imekatika na pande mbili zikasogea. Neno walilipata kwa wachimba makaa ya mawe, ambao walikuwa wakifuata tabaka la makaa na ghafla linakosekana, upungufu tena. San Andreas ya California, yenye urefu wa kilomita 1,200 hivi na iliyoleta tetemeko la San Francisco la 1906, ndiyo maarufu zaidi. Kwa Kiswahili ningesema ufa, kama Bonde la Ufa lisingekuwa limeshalichukua neno hilo kwa jambo lililo kubwa zaidi. Kwa hiyo huandika mpasuko.

Katika tenisi ni kosa la kuanzisha mpira, na makosa mawili mfululizo humpa mpinzani pointi. Basi.

Pale ambapo nomino haitakiwi kabisa

Mpaka hapa nimelinganisha nomino kwa nomino, na hilo lenyewe ni mtego. Kiingereza hupenda kulifanya kosa kuwa kitu cha kumilikiwa. Kiswahili mara nyingi hupenda kitenzi. Ushahidi bora ninaoujua ni sala ya kuungama ya Wakatoliki. Kiingereza chake, tangu tafsiri mpya ya 2011, kinarudia "through my fault" mara mbili na kuongeza ya tatu iliyo nzito zaidi, kikifuata nomino ya Kilatini. Kiswahili kinasema: nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. Hakuna nomino hata moja, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba toba imepungua.

Ukishaliona hilo, milango inafunguka. "It's my fault" kwa mtu uliyemwaga chai yake ni "nimekosea, samahani", wala si "ni kosa langu", ambayo inafaa zaidi ukiwa mbele ya bosi unakubali kuwajibika. "It's your own fault" ni "umejitakia", na kama huna huruma hata kidogo, "shauri yako". Msiba wa kujitakia hauna kilio. Na pale Kiingereza kinaposema kuanguka kwa mtu ni "fault" ya tamaa yake au ya ulimi wake, sisi tuna kuponza: tamaa ilimponza, ulimi ulimponza. Kuponza hakumlaumu mtu moja kwa moja. Kunaonyesha kilichomfikisha pale alipofika. Sijui lugha nyingi, lakini katika hizo chache ninazozisoma sijakutana na kitenzi kinachofanya kazi hiyo kwa neno moja.

Kile kijikaratasi nacho kilipona kwa kitenzi. "Si kosa lako" tuliikataa kwa sababu inakubali kwamba kosa lipo, ila mwenyewe ni mwingine. Mama atageuka kumtafuta, na wa kwanza kuonekana atakuwa baba wa mtoto. "Usijilaumu" peke yake ni amri ya upole isiyokanusha lolote, maana hata aliyekosea kweli huambiwa asijilaumu. Tulichochapa ni hiki: "Hakuna ulilofanya, wala uliloacha kufanya, lililomletea mtoto wako tatizo hili. Usijilaumu." Maneno manne yamekuwa kumi na moja. Mratibu alilalamika kuhusu nafasi, tukapunguza picha.

Kwa mwenye haraka

Kama kuna mtu aliyetenda, kosa au kukosea. Kama watu wanamsema, lawama. Kama wanamsema kwa uongo, kusingizia. Kama kuna hakimu, hatia. Kama ni tabia au umbo lisilokamilika, kasoro. Kama ni kitu kizuri kilichotiwa doa, dosari. Kama ni chombo kilichogoma, hitilafu. Kama matini inamwambia mtu kwamba ameyataka mwenyewe, umejitakia.

Nimebakiwa na moja isiyoingia popote: "generous to a fault". Kuna waliowahi kuandika "mkarimu hadi kosa", na msomaji akabaki anangoja kosa ambalo halikuja. Maana yake ni kwamba ukarimu umezidi mpaka karibu ugeuke kasoro. Mwenzangu husema "mkarimu kupita kiasi" inatosha, nami hukubali sentensi ikiishia hapo. Lakini wiki iliyopita sentensi iliyofuata ilisema mtu huyo aliwakopesha jamaa zake hadi akauza nyumba. Hapo tuliandika "ukarimu wake umemponza", na mwenzangu hakubisha.